Jiwe na Kijiti: Tiba ya Kiwewe kwa Wapiganaji wa Zamani wa Burundi

Vita vilivyozuka Burundi baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993 viliwaachia askari na waasi wengi, walioanza kurudishwa uraiani mwishoni mwa mwaka 2004, maradhi ambayo posho ya kuvua gwanda haiwezi kuyatibu. Maradhi hayo ni mfadhaiko wa baada ya kiwewe, yaani hali ambamo tukio la kutisha lililokwisha zamani humrudia mtu kwa jinamizi na kwa kushtukashtuka, kana kwamba linatokea sasa hivi. Wanasaikolojia hueleza kwamba kumbukumbu ya hatari kubwa hugawanyika: harufu ya baruti, kelele na mapigo ya moyo hubaki hai, ilhali mahali na wakati, ambavyo ndivyo huujulisha ubongo kwamba jambo limepita, hutengana navyo, hivyo tairi likipasuka katika mtaa wa Bwiza au Kamenge, mwili huwa umekwisha kurudi vitani kabla akili haijauliza.

Tiba ya usimulizi, iliyoasisiwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert, hukusudia kuziunga upya sehemu hizo. Mgonjwa hutandaza kamba sakafuni iwe mfano wa maisha yake tangu kuzaliwa, akaweka ua penye furaha na jiwe penye msiba. Kisha, katika vikao vya dakika 90 hivi, husimulia jiwe mojamoja, alichokiona, alichokisikia na mahali woga ulipomshika mwilini, huku mtabibu akimrejesha kila mara kwenye mwaka na mahali, wala kikao hakifungwi hofu ikiwa bado imepanda.

Lakini mpiganaji hakutendwa tu, naye alitenda, na tiba inayomsikiliza kama mhanga pekee humwacha na nusu ya mzigo wake. Watafiti waliowachunguza askari na wapiganaji wa zamani wa Burundi walipima pia uchu wa kushambulia, yaani raha ambayo mtu huionja katika kumdhuru mwenziwe, nayo ni raha ambayo ni vigumu mno kuikiri mbele ya mke au jirani. Kwa sababu hiyo, katika tawi la tiba hii lililojaribiwa kwa vijana waliowahi kuishi mitaani nchini Burundi, na kwa wapiganaji wa zamani mashariki ya Kongo, kijiti huwekwa juu ya kamba kwa kila tendo la ukatili alilolifanya mgonjwa mwenyewe, nalo husimuliwa kwa utaratibu uleule, pamoja na msisimko, aibu au majuto yaliyoandamana nalo. Ncha ya kamba huachwa ikiwa imeviringwa, kwa ajili ya miaka ambayo bado haijafika.