Nyuki na Mavuno ya Alizeti: Suala la Kipimo

Alizeti ni zao kuu la mafuta katika mikoa ya kati ya Tanzania, hususan Singida na Dodoma, ambako ufugaji wa nyuki nao una desturi ndefu. Aghalabu shughuli hizi mbili hutazamwa kana kwamba hazihusiani.

Kichwa cha alizeti si ua moja. Ni mkusanyiko wa mamia ya maua madogo, yanayochanua kwa zamu kutoka pembezoni kuelekea katikati kwa muda wa takriban wiki moja. Kila ua dogo hutoa chavua kwanza. Stigma hujitokeza baadaye. Chavua hiyo ni nzito na yenye kunata, hivyo upepo huisafirisha kwa uchache. Ua lisilopata chavua ifaayo huzaa pepe, yaani ganda lisilo na kiini wala mafuta.

Utegemezi huo hautofautiani na aina ya mbegu kwa bahati. Aina zinazochavushwa huria huelekea kukataa chavua ya mmea uleule, ilhali mbegu chotara nyingi zimechaguliwa kwa uwezo wa kujichavusha. Kuhitimisha kwamba chotara haihitaji nyuki ni haraka mno. Mbegu chotara yenyewe huzalishwa kwa mistari ya mimea mama isiyotoa chavua hai, na ni wadudu wanaoihamisha kutoka mistari ya kiume. Utafiti wa Greenleaf na Kremen (2006) huko California ulionyesha kuwa nyuki wa mwituni huwasumbua nyuki wa asali, wakawafanya wahame mistari mara nyingi zaidi, na uchavushaji ukaongezeka.

Jaribio la kawaida hulinganisha vichwa vilivyofunikwa kwa mifuko ya chandarua na vilivyoachwa wazi. Ni rahisi, lakini lina kasoro: mfuko hupunguza mwanga, na ukipeperushwa husugua maua na kuhamisha chavua. Kasoro ya kwanza hukuza mchango wa nyuki, ya pili huupunguza. Uzito wa mbegu 1,000 pekee nao hupotosha, kwa kuwa kichwa chenye mbegu chache huweza kuzinenepesha. Kipimo bora ni uwiano wa mbegu zilizojaa na mapepe, pamoja na mavuno kwa hekta. Katika ukame wa Singida, mapepe ya katikati ya kichwa huweza kutokana na uhaba wa maji. Sehemu hiyo inafaa kuhesabiwa peke yake.