Ndege Iliyokaa Sandukuni



Sisi tukaao Busanza hatuna ugeni na ndege. Uwanja wa Kanombe u karibu nasi, na kila siku twaziona zikishuka kwenda kutua. Lakini ndege ninayotaka kuwaeleza habari zake haikuhitaji uwanja. Ilikaa ndani ya nyambizi, yaani manowari izamayo chini ya bahari. Ilipotakiwa kuruka, ilitolewa vipande vipande, ikaungwa, ikarushwa. Nimetumia likizo mbili kuunda mfano wake, nami naandika ili mwenzangu atakayejaribu kazi kama hii asirudie makosa yangu.

Jina lake ni Yokosuka E14Y, ndege ya upelelezi ya jeshi la majini la Japani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ilichukua watu wawili. Mabawa yake, toka ncha hata ncha, yalikuwa mita 11, na urefu wa mwili wake mita 8 na nusu. Injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 340, na mwendo wake haukufika kilomita 250 kwa saa. Badala ya magurudumu ilikuwa na maboya mawili marefu, mfano wa mitumbwi, ili iweze kutua majini. Mnamo Septemba 1942 ndege ya aina hii iliangusha mabomu katika msitu wa Oregon, Marekani.

Katika Mei 1942 nyambizi I-30 ya Kijapani ilikuja upande wetu wa Bahari ya Hindi. Ndege yake ilipeleleza Aden na Jibuti, kisha Unguja na Dar es Salaam, ikitafuta manowari za Waingereza. Mwisho wa mwezi huo huo, ndege ya nyambizi nyingine, I-10, iliruka juu ya bandari ya Diego Suarez, Madagaska, ikaiona manowari kubwa iitwayo Ramillies. Usiku wa tarehe 30 nyambizi ndogo, kila moja ikiwa na watu wawili, zilikwenda kuishambulia bandari. Ramillies iliharibiwa, na meli moja ya mafuta ikazama. Basi ndege yenyewe ilikuwa dhaifu, lakini ilikuwa macho ya silaha nyingine.

Sasa tuje kwenye kazi. Kwanza chagua kipimo, wala usikibadili tena. Mimi nilichagua moja kwa ishirini, maana hesabu yake ni nyepesi: kila mita moja ya ndege huwa sentimita 5 za mfano. Hivyo mabawa yakawa sentimita 55, na mwili sentimita 42 na nusu. Kwa kipimo hicho nyambizi I-30 ingekuwa na urefu wa zaidi ya mita 5, nayo isingeingia chumbani mwangu!

Mbavu za mwili na za mabawa nilizichonga kwa mianzi, nikazifunga kwa uzi. Juu yake nilitandika karatasi nyembamba kwa gundi ya unga wa muhogo. Ipake gundi hiyo kidogo kidogo, kwa maana karatasi ikilowa sana hukunjamana ikikauka. Injini niliichonga kwa mti. Maboya niliyakata kwa wembe katika soli za ndara kuukuu, nikayapaka rangi ya mafuta.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Mchoro wangu ulionyesha maboya marefu yanayotangulia mbele ya pua ya ndege, lakini soli ya ndara ilikuwa fupi. Nami kwa uvivu nikayafupisha maboya ili yatoshe soli. Nilipouweka mfano katika karai la maji, pua ikainama, injini ikazama, mkia ukasimama juu kama bata atafutaye chakula. Shauri langu lilikuwa kufunga kijiwe mkiani. Babu yangu, ambaye ni seremala, alikuwa akitazama. Akasema, “Mjukuu wangu, kijiwe kitaficha kosa, hakitaliondoa. Pima tena.”

Nikapima tena. Injini ni nzito nayo iko mbele, kwa hiyo lazima maji ya mbele yapate kitu cha kuinua. Tena ndege itelezapo juu ya maji kwa kasi, maji huyavuta maboya nyuma na pua hutaka kuinama. Ndiyo sababu boya hurefushwa mbele. Nikaunga soli mbili kwa kila boya, nikafuata mchoro. Mara hii mfano ulikaa sawa majini. Nilifahamu kwamba kila kipimo katika mchoro ule kilikuwa na sababu yake, hata kama mimi sikuijua.

Kosa la pili lilikuwa kugandisha mabawa. Mfano ulipendeza macho, lakini ulikuwa wa uongo, kwa sababu ndege yenyewe iliundwa ili ivunjwe. Nyambizi ilipoibuka, mabaharia waliitoa katika chumba chake juu ya sitaha, wakaunga mabawa na maboya, kisha ikarushwa kwa nguvu ya hewa iliyoshindiliwa, kama jiwe litokavyo katika manati. Iliporudi ilitua majini, ikainuliwa kwa winchi, ikafunguliwa tena. Basi nikayakata mabawa yangu, jambo lililoniuma sana. Nikatia spoki za baiskeli katika mashina yake, na katika mwili nikagandisha mirija ya kalamu tupu. Sasa spoki huingia katika mirija na kutoka, na ndege nzima hulala katika sanduku la mti alilonipa Babu.

Siku aliyonipa sanduku hilo aliniuliza, “Mbona unatengeneza chombo cha vita? Vita si mchezo.” Katika nchi yetu swali kama hilo haliulizwi ovyo, nami sikuwa na jibu. Baadaye nilisoma habari za meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikipeleka askari Colombo. Tarehe 12 Februari 1944 ilizamishwa na I-27, nyambizi ya aina moja na I-30. Walikufa watu karibu 1,300, na wengi wao walikuwa askari wa Afrika Mashariki.

Nilimsomea Babu habari hiyo. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Andika hayo juu ya kifuniko.” Nimeandika: jina la meli, tarehe, na hesabu ya watu. Kwa hiyo atakaye kuitazama ndege yangu hana budi kusoma kifuniko kwanza.

Mwaka huu namaliza kidato cha sita, na sanduku nitaliacha katika maabara. Ninyi mtakaobaki, ifungueni, iungeni, ielezeni majini. Mkiona kipimo chochote nilichokosa, kirekebisheni. Lakini kijiwe msifunge.