Ekru ya debrusayezi imegoma? Kabla ya kuongeza nguvu, angalia upande

Mvua za mwezi wa kumi zikianza hapa Kalemie, majani yanapanda mbio kuliko mtu na jembe lake. Ndiyo maana vijana waliomaliza masomo wanajiunga watatu ao wanne, wanachanga franga, wananunua debrusayezi moja na kutafuta kazi ya kufyeka viwanja na mashamba ya ngazi. Ni kazi nzuri. Lakini siku ya kubadilisha kisu, ekru ya chini inakataa kutoka. Mtu anaita mwenzake, wanavuta wawili, na mhimili unakatika. Spea itoke Lubumbashi ao ivuke ziwa kutoka Kigoma, na wakati huo majani hayangoji.

Mara nyingi ekru haijagoma. Inazungushwa upande mbaya.

Fikiria kinga. Pedale ya kuume inafunguka kama bulo zote, lakini ya kushoto inafunguka kinyume. Kwenye debrusayezi nyingi ekru ya kisu iko sawa na ile pedale ya kushoto: ukiitazama uso kwa uso, inafunguka kwa kufuata mishale ya saa. Imetengenezwa hivyo kusudi kisu kinapogonga majani, nguvu ile ikaze ekru, isiilegeze. Kwa hiyo ukivuta upande uliozoea, unazidi kukaza. Kuhakikisha, safisha mwisho wa mhimili na uangalie mistari yake ikiwa umesimama wima: ikipanda kuelekea kushoto, ni ya kinyume.

Ukishajua upande, fuata hatua hizi:

1. Zima moto, ngoja ipoe, chomoa waya wa buji, mwaga esanse yote. Funga kisu kwa gunia nene. Kisu butu pia kinakata vidole.

2. Sugua kwa brosi ya chuma. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyotoka ndani yake, na utomvu wa majani unashika kama gundi. Tia mafuta ya kulegeza kutu. Kama hakuna, mazuti. Acha ilale usiku mzima. Subira hii ndiyo dawa ya bei rahisi kuliko zote.

3. Funga mhimili. Kwenye kichwa cha gia kuna tundu. Zungusha kisu polepole mpaka matundu mawili yakutane, ingiza pini. Usizuie kisu kwa mguu.

4. Tumia kle ya tube inayoshika pembe zote sita, mara nyingi ya 17 ao 19. Pensi inakula pembe tu. Ukiongeza bomba juu ya mkono wa kle, kutoka sentimita 25 mpaka 75, mkono uleule unazaa nguvu mara tatu. Hapo ndipo hatari: nyumba ya gia ni ya aluminium, inapasuka. Afadhali kugonga mwisho wa kle kwa nyundo ndogo, mapigo mafupi makavu. Mtikiso unavunja kutu. Kuning'inia kunavunja mashine.

5. Ikikataa bado, pasha ekru peke yake kwa chuma ya moto, mbali kabisa na esanse. Inapanuka kidogo sana, chini ya unene wa unywele, lakini inatosha. Usizidishe, maana grisi na mpira wa ndani vitaungua.

6. Mwisho kabisa, pasua ekru kwa patasi, ukilinda mhimili. Ekru ni ya franga kidogo, mhimili hapana.

Wakati wa kurudisha, weka ekru mpya ya kujifunga, kwa sababu iliyofunguliwa mara nyingi haishiki tena, na kisu kikiruka kinaweza kukata mguu wa mtu. Kisha chukua rangi, chora mshale wa kufungulia juu ya kichwa cha gia. Mashine ya kikundi inashikwa na mikono mingi, na siyo wote wamesoma maandishi haya.