Msimamizi wa mirathi si mrithi

Istilahi hizi mbili huchanganywa mara kwa mara, na kosa hilo laweza kuipotezea familia ya wakulima shamba lake.

Mrithi ni mwenye haki ya kupata mali ya marehemu. Nomino hii imetokana na kitenzi *-rithi*, chenye asili ya Kiarabu kama lilivyo neno *mirathi*.

Msimamizi wa mirathi ni mtu aliyethibitishwa na mahakama ili akusanye mali ya marehemu, alipe madeni, kisha awagawie warithi kilichobaki. Huenda naye akawa mmoja wao, lakini usimamizi pekee haumpi umiliki.

*Mfano:* Juma ameteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi ya baba yake.

Sentensi hii haisemi kwamba shamba ni la Juma. Mfasiri akiandika "mrithi", amewafuta mjane na dada zake Juma kwa neno moja.

Wosia (pia *wasia*) nao una maana mbili: mausia ya mzee kwa wanawe, na tamko la kisheria kuhusu mgawo wa mali. Panapohitajika usahihi, andika *wosia wa maandishi* au *wosia wa mdomo*. Tofauti hiyo ina uzito: nchini Kenya, kwa kawaida wosia wa mdomo hutambuliwa tu ukitolewa mbele ya mashahidi wasiopungua 2, na mtoaji akifariki ndani ya miezi 3.