Je, Wajua? Bunduki ya Wenzo na Wezi wa Mahindi wa Kaplong

Je, wajua kwamba chai karibu haina mwizi wa miguu minne? Simama Kaplong, pale barabara ya Kericho inayopitia Litein na Kapkatet inapokutana na ile ya Narok na Bomet, kabla hujaendelea kwenda Sotik na Kisii. Kijani chote hicho tumbili hukipita bila kukionja. Anachofuata ni mahindi, kile kipande alichobakiza mkulima kando ya chai ili nyumba ipate ugali. Mchana huja tumbili, usiku nungunungu na nguruwe pori, na chini ya ardhi fuko hafuati saa ya mtu yeyote.

Je, wajua kwamba neno bunduki lilianza likiwa kokwa? Kwa Kiarabu, bunduq ni tunda dogo gumu la jamii ya njugu. Jina likahamia kwenye kigololi cha kurushwa, kisha kwenye chombo chenyewe cha kurushia. Risasi nayo ni jina la Kiarabu la madini ya risasi tu.

Je, wajua bunduki ya wenzo hufanyaje kazi? Chini ya kifyatulio pana kitanzi cha chuma kinachotosha vidole vitatu. Ukikisukuma chini na mbele, ganda la risasi iliyokwisha kupigwa hutupwa nje na risasi mpya huinuliwa kutoka kwenye mrija uliolala chini ya mtutu. Ukikirudisha, risasi huingia chemba na bunduki iko tayari. Hakuna haja ya kuiondoa begani. Ndiyo maana wafugaji na wakulima wa Marekani waliipenda: ni nyembamba, huchomekwa kando ya tandiko la farasi, na mnyama akikimbia unayo nafasi ya pili na ya tatu.

Mrija huo una hatari yake. Risasi hulala humo moja nyuma ya nyingine, ncha ya hii ikigusa kitako cha ile, na kitakoni ndipo fataki ilipo. Risasi yenye ncha kali ingeweza kuilipua ya mbele yake ndani ya bunduki yenyewe. Kwa sababu hiyo bunduki nyingi za wenzo za zamani zilipewa risasi za ncha bapa.

Je, wajua kwamba Oliver Winchester, ambaye jina lake limechongwa kwenye mamilioni ya bunduki hizi, alitajirika kwanza kwa kushona mashati? Alikuwa na kiwanda cha mashati New Haven, Marekani, kabla ya kuwekeza kwenye silaha. Bunduki iliyouzwa kuliko zote za kampuni yake ni ya mwaka 1894, kazi ya fundi John Browning. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 7. Ile ya milioni moja alipewa Rais Calvin Coolidge mwaka 1927.

Je, wajua kwamba bunduki za Winchester ziliwahi kupita Zanzibar? Mwaka 1887 Henry Morton Stanley alifika huko kuajiri wapagazi wa safari ya kumtafuta Emin Pasha, gavana aliyekwama kusini mwa Sudan. Katika mizigo yake zilikuwamo Winchester 50 pamoja na bunduki 510 za Remington. Miaka mitatu baadaye mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels wa 1890, ambao pamoja na mambo ya biashara ya utumwa ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa katika ukanda mpana wa Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi 22 kusini. Mwafrika alibaki na gobori la kushindiliwa baruti mdomoni, huku mgeni akipita na bunduki ya risasi nyingi. Mtu akiuliza kwa nini mababu wa Kaplong walilinda mtama kwa mshale na kombeo, sehemu ya jibu iliandikwa Brussels.

Je, wajua jina Sotik lilivyoandikwa katika vitabu vya dunia? Liliingia mara mbili ndani ya miaka minne, na mara zote mbili bunduki ilikuwapo.

Mara ya kwanza ilikuwa 1905. Baada ya Wakipsigis wa Sotik kuteka mifugo ya Wamaasai na kukataa kuirejesha, serikali ya kikoloni ilituma kikosi chini ya Meja Richard Pope-Hennessy. Idadi ya waliouawa inayotajwa ni takriban 1,850, wanaume, wanawake na watoto. Ng'ombe wakachukuliwa. Baadaye ardhi nayo ikafuata, na juu ya ardhi hiyo ndipo mashamba makubwa ya walowezi yalipowekwa. Nimeliweka tukio hili ndani ya safu ya mambo mafupi, lakini si jambo fupi. Anayepita Sotik leo ajue anakanyaga wapi.

Mara ya pili ilikuwa Juni 1909. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, aliondoka Kijabe akavuka nyika kavu, magari ya ng'ombe yakimbebea maji, hadi nchi aliyoiita Sotik. Wakati huo jina hilo lilitandazwa mbali kuliko leo, likafunika hata mbuga za Ewaso Ng'iro ya kusini upande wa Narok. Mikononi mwake na mwa mwanawe Kermit zilikuwapo Winchester za wenzo za mwaka 1895, kaliba .405. Bunduki hii haikuwa na mrija. Risasi zake zilikaa kwenye sanduku dogo chini ya chemba, hivyo ingeweza kutumia hata zenye ncha kali. Roosevelt aliiona kuwa dawa hasa ya simba.

Je, wajua wapagazi walimwitaje? Bwana Mkubwa. Kermit, aliyependa kuvaa vizuri, akawa Bwana Maridadi. Roosevelt aliyaandika majina hayo kwa tahajia ya sikio lake, Makuba na Merodadi. Bunduki zake zilibebwa na Bakari na Mohammed, nao walikuwa karibu na simba kama yeye. Jicho la kushoto la Roosevelt lilikuwa karibu halioni kabisa. Baba na mwana waliua wanyama 512, wakiwamo simba 17, tembo 11 na vifaru 20. Sehemu kubwa ilipelekwa kwenye makumbusho ya Smithsonian kwa ajili ya elimu. Safari hiyo haikuwa ya kulinda gunia la mahindi.

Je, wajua kwamba kuna vifaru waliouawa kwa ajili ya mashamba? Kati ya 1944 na 1946, J. A. Hunter, mwindaji wa Idara ya Wanyama, alipiga vifaru 996 huko Makueni ili nchi hiyo ifunguliwe kwa kilimo cha Wakamba. Leo Kenya nzima inahesabu vifaru wake mmoja mmoja na kuwapa walinzi wa usiku.

Je, wajua kwamba tangu Mei 1977 uwindaji wa wanyama umepigwa marufuku Kenya? Kuwa na leseni ya bunduki chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hakukupi ruhusa ya kumpiga tumbili anayeng'oa mahindi yako. Wa kuitwa ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Hapa ndipo mkulima mdogo anapoumia. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 iliweka fidia: shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa na mnyama, milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Kwa mimea iliyoharibiwa, ilitoa orodha ya wanyama ambao hasara yao hulipwa: tembo, nyati, kiboko, pundamilia na wengineo. Tumbili hakuwamo. Nungunungu hakuwamo. Mnyama anayemfilisi mtu wa nusu ekari si tembo. Ni yule mdogo asiyeonekana kwenye orodha, anayekuja kila siku. Naliona hili kuwa kosa dhidi ya haki, na linaweza kurekebishwa kwa kalamu.

Je, wajua risasi ndogo ya kaliba .22 huenda umbali gani? Ikiachiwa juu kidogo inaweza kufika kilomita moja na nusu. Sasa tazama kaunti ya Bomet, ilimo Kaplong: sensa ya 2019 ilihesabu watu 875,689, zaidi ya 340 katika kila kilomita ya mraba. Nyuma ya tumbili aliyekaa juu ya ua pana jiko la jirani, na nyuma ya jiko pana njia ya watoto wa shule. Wakulima wa Marekani wenye mashamba ya mamia ya ekari wanaweza kuishusha Winchester ya babu ukutani wakaenda kumvizia mbweha. Kaplong hakuna upande mtupu wa kuelekeza mtutu.

Basi nani analinda? Mtoto. Kopo la kugongwa, mbwa wawili, manati, na kijana anayepaswa kuwa darasani. Usiku ni zamu ya baba na tochi. Kila ukisoma kwamba mkulima amevuna magunia kadhaa, ongeza humo saa hizo ambazo hakuna anayezilipa.

Na tumbili ni adui anayejua kusoma hali. Huko Amboseli watafiti Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler waliwarekodi, wakawachezea sauti zao wenyewe, na mwaka 1980 wakachapisha walichokiona. Mlio wa chui huwapandisha mtini. Mlio wa tai huwafanya watazame juu au wakimbilie kichakani. Mlio wa nyoka huwasimamisha kwa miguu ya nyuma, macho chini nyasini. Kiumbe wa namna hiyo hachelewi kujua ni saa ngapi mlinzi huenda kunywa chai.

Je, wajua kwamba nungunungu harushi miiba? Huigeuzia tu nyuma yake na kurudi kinyumenyume kwa kasi, na miiba iliyolegea hubaki mwilini mwa mbwa. Ndiye mnyama mkubwa kuliko wote wa jamii ya panya Afrika. Anaweza kuzidi kilo 20.

Fuko wa nyanda hizi naye si fuko wa vitabu vya Ulaya. Ni panya anayechimba kwa meno, anaishi peke yake, na huvuta viazi kutoka chini hadi shina linaanguka lenyewe. Fundi wa kumtega hahitaji baruti. Hufungua shimo lake ili hewa iingie, huweka kitanzi cha waya kilichofungwa kwenye fito iliyopindwa, kisha huondoka. Fuko hachukii kitu kama tundu lililo wazi. Akija kuliziba, fito inanyooka. Wategaji hulipwa kwa kila fuko, na wazuri huitwa kutoka vijiji vya mbali. Huo ni ufundi, na unastahili heshima ya ufundi.

Je, wajua kwamba mwizi anaweza kuwa ndugu? Katika kitabu chake cha 1909 juu ya Wanandi, ndugu wa Wakipsigis, A. C. Hollis aliorodhesha koo na wanyama wao. Talai ni simba, Kipkenda ni nyuki, na Kipsirgoi ni nguruwe pori.

Je, wajua kwamba chai yenyewe imewahi kuwekwa lindo? Mwaka 1986 serikali ilianzisha Maeneo ya Chai ya Nyayo, mkanda wa chai uliopandwa kando ya misitu, ukiwamo wa Mau, ili kuutenga msitu na mashamba.

Na wapo wezi wadogo zaidi. Septemba 2011, huko Longisa, Bomet, mahindi yalianza kukauka kutoka katikati ya kichala cha majani, na gunzi likatoka bila punje. Ulikuwa ugonjwa hatari wa mahindi unaoletwa na virusi viwili vikikutana kwenye mmea mmoja, na hapo ndipo ulipotambuliwa kwa mara ya kwanza Kenya. Vidudu vinavyoubeba ni vidogo kuliko punje ya mtama. Mwaka 2017 wakaja viwavijeshi vamizi. Tumbili huacha kitu. Hawa hawakuacha.

Na je, wajua ni nani aliyewahi kulengwa kwa baruti katika nchi hii ya chai ili zao liokolewe? Mvua ya mawe. Milima ya Kericho na Nandi ni kati ya mahali panaponyeshewa mawe mara nyingi kuliko popote duniani, na dhoruba moja huweza kulivua shamba majani yote machanga. Miaka ya 1960 mashamba makubwa ya Kericho yalirusha roketi za baruti kwenye mawingu yaliyobeba mawe, na kufikia mwishoni mwa muongo huo ndege zilipelekwa kuyanyunyizia kemikali. Wazee waliokuwa watoto wakati huo walisikia milio ikitoka chini kwenda juu, kisha wakasubiri kuona kama bati la nyumba litalia.