Kirusi kikubwa kama mpira? Usidanganywe na kamera!

 

Siku moja tulikuwa Igowole, wilayani Mufindi, tukiwaonyesha wanafunzi wa sekondari video kuhusu VVU. Ni katuni ya kompyuta. Inaanza na mtu mzima, kisha kamera inavuta karibu: mkono, mshipa, seli nyeupe ya damu, halafu ghafla kirusi kinajaza skrini nzima, chekundu, kina miiba kila upande. Video ilipoisha, kijana mmoja akanyoosha mkono: "Dada, kama kiko hivyo, si mwenye nacho ataonekana tu?"

Darasa zima likacheka. Lakini lile lilikuwa swali la maana, na kosa lilikuwa letu. Tulionyesha picha bila kueleza kamera inafanya nini. Hebu tueleze sasa.

KWANI KUNA KAMERA HUMO NDANI?

Hakuna. Ukivuta picha kwenye simu kwa vidole viwili, unakuza kitu kilichopigwa kweli. Katuni ya molekuli ni tofauti. Wanasayansi hupata umbo la kirusi na protini zake kwa hadubini za elektroni na mionzi ya eksrei. Wachoraji huchukua vipimo hivyo, wakajenga umbo ndani ya kompyuta, ndipo "kamera" ya kompyuta ikasafiri kulielekea.

Safari hiyo ya sekunde chache inaruka mbali mno. Mtu wa mita 1.6 ni mrefu mara milioni 16 kuliko kirusi! Mwaka 1977 Charles na Ray Eames wa Marekani walitoa filamu iitwayo Powers of Ten, inayovuta picha kutoka angani hadi ndani ya mkono wa mtu. Wao waliweka namba pembeni ili mtazamaji asipotee njiani. Video nyingi haziweki. Kwa hiyo uliza mwenyewe: hapa wamekuza mara ngapi?

CHUKUA DAFTARI

Weka nukta ya milimita 1. Hicho ndicho kirusi. Sasa chora duara lenye upana wa sentimita 10. Hiyo ni seli nyeupe ya CD4, ambayo kirusi huivamia. Je, mtu mwenyewe utamchora wapi? Kwa kipimo hicho angekuwa na urefu wa kilomita 16, karibu mara tatu ya Mlima Kilimanjaro!

KAMERA HAIKUAMBII HAYA

Rangi. Ule wekundu ni wa mchoraji. Kirusi ni kidogo kuliko hata wimbi la mwanga, kwa hiyo hakina rangi tunayoijua.

Nia. Kwenye video kirusi kinaruka moja kwa moja kama ndege ya vita. Kweli yake ni kwamba hakina macho wala akili. Kinasukumwa huku na huku mpaka miiba yake igusane na mlango unaokifaa kwenye seli. Hakichagui "mtu mbaya". Na kwenye ngozi isiyo na jeraha hakipati mlango huo, ndiyo maana kupeana mikono hakuambukizi.

Nafasi. Wachoraji huondoa maji na protini nyingine ili uone vizuri. Ndani ya seli kumebanana kama daladala ya asubuhi.

SASA RUDISHA KAMERA NYUMA

Hapa ndipo penyewe, rafiki. Rudi nyuma mara milioni 16. Unaona nini? Kijana anacheza mpira. Dada anachuma chai. Hakuna mwiba, hakuna wekundu. Tafiti za kitaifa za 2016-2017 na 2022-2023 zilikuta watu wazima 11 hivi kati ya kila 100 mkoani Iringa wanaishi na VVU. Huwezi kuwatambua kwa macho, na wengine hawajijui wenyewe.

Kinachojibu ni kipimo. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019, ukiwa na miaka 15 unaweza kupima kwa ridhaa yako mwenyewe. Kipimo cha haraka kinaweza kukosa maambukizi mapya, hivyo rudia baada ya miezi 3.

Na ukikutwa nacho? Dawa za ARV zinafanya kazi kulekule kamera ilikofika: zinaziba vimeng'enya ambavyo kirusi hutumia kujizalisha. Mtu anayezimeza kila siku mpaka virusi visionekane kwenye kipimo cha damu anaishi na afya yake, na hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono.

Basi, siku nyingine ukiona video ya namna hii, furahia kabisa. Ila usimcheke anayeuliza swali. Kijana wetu wa Igowole alicheka na wenzake, kisha akauliza jingine: "Dada, wanapima siku gani?"

Na wewe je?