Friji haigandishi barafu? Usikimbilie kubadilisha kifaa

"Gesi imeisha." Hilo ndo jibu ambalo wengi hulipata friji ikigoma kugandisha. Mwenye friji kubwa yenye kitengeneza barafu kinachojijazia maji chenyewe naye huambiwa, "Hiki kimekufa, agiza kingine." Ukiwa Mbinga, au kule chini ziwani Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, kuagiza kifaa ni hela na ni siku za kusubiri. Na anayetegemea barafu kuhifadhi mbasa na magege hawezi kumwambia samaki asubiri. Basi leo tujibu swali moja: utajuaje kama kifaa ni kibovu kweli?

Barafu ni kazi kubwa kuliko tunavyodhani

Kushusha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 0 za Selsiasi kunahitaji kuondoa joto la kama kilojuli 105. Lakini yakifika 0 bado ni maji! Ili yawe barafu lazima uondoe kilojuli 334 nyingine, na muda wote huo kipimajoto hakisogei. Yaani kugandisha ni kazi mara tatu ya kupoza. (Faida yake unaiona kwenye samaki: kila kilo ya barafu ikiyeyuka hufyonza kilojuli 334 hizo hizo.)

Ndo maana asubuhi unakuta mfuko umeganda pembeni, katikati bado maji, unalalamika friji mbovu kumbe iko kazini. Tazama kibandiko cha ndani: friji nyingi huandikwa uwezo wa kugandisha kwa kilo ndani ya saa 24. Kama imeandikwa 4, ukiingiza lita 10 kwa mpigo umeiomba kazi ya kama siku mbili na nusu. Hapo hakuna cha kutengeneza. Punguza mzigo tu.

Friji moja, hali ya hewa mbili

Mji wa Mbinga uko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko kama mita 475. Ni kilomita 66 tu za lami kufika Mbamba Bay, lakini unavua sweta njiani. Friji nayo inaujua mteremko huo.

Friji nyingi za kawaida zina themostati moja, na iko sehemu ya chini ya kupozea, siyo kwenye friza. Themostati ikiona chini kuna baridi ya kutosha, inazima kompresa. Sasa fikiria Mbinga mwezi wa Juni au Julai, chumba kimepoa: huku chini hakupati joto haraka, kompresa inapumzika muda mrefu, na friza ya juu inaanza kulegea. Barafu haigandi kwa sababu ya baridi! Angalia kibandiko tena: herufi N, ST au T maana yake friji imeundwa kwa chumba kisichopungua nyuzi 16, SN inavumilia hadi 10. Dawa ni kuihamishia chumba chenye joto zaidi, kama jikoni, au kusogeza themostati kwenye namba ya baridi zaidi.

Kule ziwani tatizo hugeuka. Friji haitengenezi baridi, inahamisha joto kutoka ndani na kulitupa nje kupitia mabomba ya nyuma au ubavuni. Ukiibana ukutani, au vumbi likijaa, joto halina pa kwenda. Iachie nafasi ya kupumua, safisha mabomba, kisha jaribu mpira wa mlango: bana noti kati ya mlango na fremu, ivute. Ikitoka kirahisi, hewa yenye unyevu inaingia, na unyevu huo ndio unaojenga ukoko mweupe kwenye friza. Ukoko mnene huzuia joto kutoka kwenye maji yako. Zima, uache uyeyuke. Usichokonoe kwa kisu! Ukitoboa bomba hapo ndipo gesi itaisha kweli.

Kitengeneza barafu na simtanki

Kifaa hiki kinafanya hivi: vali inafunguka sekunde chache, maji yanajaa kwenye trei, kihisi kinasubiri yagande, kisha mota inazimwaga barafu kwenye ndoo. Kuna mkono mdogo unaozuia kazi ndoo ikijaa. Ukiwa umeinuliwa, kifaa kimezimwa. Anza na huo.

Halafu presha. Watengenezaji wengi hutaka walau kilopaskali 140 hivi kwenye vali. Kila mita ya urefu wa maji inatoa kama 10. Kwa hiyo simtanki lililo mita 4 juu ya friji linatoa 40 tu. Vali haijazi vizuri, na wakati mwingine haifungi vizuri, inadondosha matone yanayoganda mdomoni mwa mrija. Ukinunua kifaa kipya, nacho kitagoma vile vile. Mwenye maji ya mserereko yanayoshuka kutoka chanzo cha mlimani anaweza kuwa na presha ya kutosha kuliko mwenye simtanki.

Presha ikiwa sawa, friza ikafika nyuzi -18 na bado kimya, hapo badilisha. Chomoa plagi, funga maji, toa ndoo, legeza skrubu, chomoa kiunganishi cha waya, weka kipya chenye namba ile ile ya modeli. Barafu ya siku ya kwanza itupe. Kama kipya hakipatikani, trei ya kawaida inatoa barafu ile ile.

Na hiyo gesi?

Gesi ya friji inazunguka kwenye mfumo uliofungwa. Haitumiki ikaisha kama ya jiko. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na kuongeza bila kuziba ni kulipa mara mbili. Kibandiko kikisema R600a, hiyo ni isobutani, inawaka. Asichomelee mtu bomba lenye gesi hiyo ndani, tena kwenye chumba kilichofungwa.

Kwa hiyo fundi akisema "gesi imeisha", muulize kwa upole: "Inavujia wapi, fundi?" Fundi mzuri atakuonyesha.